Kipupwe Kimeingia: Tuvae Nini Bila Kuvunja Kibubu?

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapotawala pwani yetu, wakazi wa Bunju, Boko na Tegeta upande wa Kinondoni, na wale wa Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, huamka alfajiri wakiwa wamejikunyata. Ndicho kipupwe hicho. Ndugu zetu wa Njombe na Makete hucheka wanapomsikia mtu wa Dar es Salaam akilalamikia baridi, na wana haki ya kucheka. Usiku wa Julai kwetu joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi za Sentigredi. Lakini tukumbuke kwamba usiku wa Januari joto hilo huwa nyuzi 25 hivi, na nyumba zetu, mashuka yetu na nguo zetu tumezipanga kwa ajili ya Januari.

Sisi wauguzi hatusemi kwamba kipupwe cha Dar es Salaam kitamdhuru kila mtu. Mtu mzima mwenye afya njema, aliyeshiba na kuvaa nguo kavu, hataugua kwa sababu ya nyuzi 19. Atasikia baridi tu, na jua likipanda atasahau. Lakini katika nyumba hiyo hiyo mna watu ambao miili yao haiwezi kulinda joto vizuri: mtoto mchanga, bibi aliyedhoofu, kijana mwenye selimundu. Tena yupo baba au mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri juu ya pikipiki. Basi shauri letu mwezi huu ni moja: fedha kidogo iliyopo ya nguo ianze na hao. Wengine wote watapata vazi la kutosha kutoka katika sanduku la nyumbani.

Nguo haina moto wake

Watu wengi hufikiri kwamba nguo nzito ndiyo inayoleta joto. Sivyo. Nguo haina moto wake. Joto hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kulizuia lisipotee. Kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nguo na ngozi, na katikati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana fulana, shati la mikono mirefu na sweta jepesi, vikivaliwa pamoja, vinaweza kufanya kazi kuliko koti moja zito la bei kubwa. Faida nyingine ni kwamba mchana, joto linapopanda hadi karibu nyuzi 29, unavua moja moja na kuweka mfukoni.

Kila nguo ina kazi yake. Ya ndani iwe ya kubana kidogo na ikae kavu. Ya katikati iwe laini yenye kushika hewa, kama sweta. Ya nje iwe ya kitambaa kilichosukwa kwa kubana ili upepo usipite. Sweta zuri bila kitu cha kuzuia upepo juu yake ni kama nyumba yenye blanketi lakini haina mlango.

Jambo la pili ni ukavu. Nguo yenye maji hunyonya joto la mwili upesi. Pamba ikilowa hukaa na maji kwa muda mrefu; sufu hata ikilowa kidogo bado hushika joto. Kwa hiyo mtoto aliyelowesha nepi, au fundi aliyetoka jasho kisha akapanda daladala yenye madirisha wazi, abadilishe nguo ya ndani kwanza kabla ya kuongeza ya juu.

Tuanze na sanduku la nyumbani

Kabla ya kwenda sokoni, mama au baba atoe nguo zote kitandani na kuzitazama upya. Kanga mbili zilizoshonwa pamoja pembeni zinakuwa shuka jepesi lenye hewa katikati. Kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili na kufungwa mabegani ni vazi tosha la kwendea misa ya kwanza ya asubuhi. Shati kuukuu la baba, likikatwa mikono na kupunguzwa na fundi cherehani, linakuwa fulana ya ndani ya mtoto; na mikono ile iliyokatwa inakuwa soksi ndefu za kulalia. Sweta la shule lililombana kaka mkubwa limfuate mdogo wake.

Wenye umri wetu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani na doti ya kanga za Urafiki, kiwanda cha pale Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, ikitunzwa kama mali ya urithi. Familia zilijua kugeuza kola ya shati na kubandika kiraka. Ujuzi huo si aibu. Tuwafundishe watoto wetu, wa kiume kwa wa kike, kushika sindano.

Kununua mtumba kwa akili

Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mtumba ndio umekuwa mkombozi wa familia nyingi. Pale Tandika, Manzese, Karume au Mbagala Rangi Tatu, mtu mwenye subira hupata sweta zuri kwa fedha ndogo. Yatupasa kuzingatia mambo machache.

Kwanza, wakati. Sweta na jaketi hazina mnunuzi mkubwa mwezi Februari, jua linapowaka. Huo ndio wakati wa kununua. Tena siku belo linapofunguliwa bei huwa juu. Zikipita siku kadhaa, zilizobaki hushushwa na kumwagwa chini kwa kuchagua. Humo ndimo nguo za watoto hupatikana, kwa kuwa wanunuzi wengi hutafuta za wakubwa.

Pili, ukaguzi. Inua nguo juu uitazame kwenye mwanga ili uone matundu na pale kitambaa kilipochakaa. Tazama makwapani, kwenye kola na mishono ya pembeni. Fungua na kufunga zipu mara tatu, maana kubadilisha zipu kunaweza kugharimu kuliko nguo yenyewe. Vifungo vikikosekana si neno.

Tatu, nguo za ndani. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mtumba, na sisi tunaliunga mkono kwa sababu za afya. Chupi, sidiria na soksi tununue mpya, hata kama ni pea mbili tu za kufua na kubadilisha.

Nne, usafi. Usivae wala kumvika mtoto nguo ya mtumba siku uliyoinunua. Hujui ni nani aliyeijaribu sokoni asubuhi hiyo. Vijidudu vya upele huweza kuishi kwenye nguo kwa siku mbili au tatu bila kugusa mwili wa mtu. Ifue kwa sabuni na maji ya moto, uianike juani, kisha uipige pasi. Isiyostahimili maji ya moto ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja kabla ya kuifua. Wala tusianike nguo chini kwenye majani au mchanga. Yupo inzi anayetaga mayai yake kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto. Pasi ya moto kwenye mishono humaliza mayai hayo.

Kila mtu na vazi lake

*Mtoto mchanga.* Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi ni machache, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili. Joto humtoka upesi. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu azaliwe. Avae fulana, nguo ya mikono mirefu, soksi, na kofia katika siku za mwanzo. Kanuni rahisi ni kumvika nguo moja zaidi ya ile anayoihitaji mama yake. Ukitaka kujua kama ana baridi, usishike vidole vyake, ambavyo mara nyingi huwa vya baridi. Shika tumbo au kifua. Kikiwa na baridi, mvue, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo kwa kanga na blanketi. Hakuna sweta linaloshinda kifua cha mama, na cha baba pia kinafaa. Hivyo ndivyo tunavyowatunza watoto njiti wodini. Lakini asifunikwe uso, wala asirundikiwe mablanketi hadi akatoka jasho.

*Mtoto wa shule.* Fulana ndani ya shati la shule, na sweta juu. Fulana haionekani, hivyo hata ya rangi iliyopauka inafaa. Awe na soksi za pea mbili, ili asivae zenye umande za jana.

*Mwenye selimundu, ambao wengi huuita sikoseli.* Huyu ndiye wa kununuliwa sweta kwanza katika nyumba. Baridi huifanya mishipa midogo ya damu kujibana, na chembe zake za damu zenye umbo la mundu huweza kukwama humo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Avae soksi, suruali ndefu na nguo za mikono mirefu jioni na alfajiri, aoge maji ya vuguvugu, na anywe maji mengi hata kama hasikii kiu.

*Wazee.* Soksi zisizobana, kofia ya kulalia na shali mabegani vinatosha. Mzee mwenye kisukari asiweke miguu karibu na jiko wala kwenye chupa ya maji ya moto. Ganzi huweza kumzuia kuhisi anaungua, na kidonda chake huchelewa kupona.

*Anayetoka alfajiri.* Dereva wa bodaboda na mama anayewahi samaki Feri wanapigwa na upepo kuliko wote. Sweta ndani, na jaketi jepesi lisilopitisha upepo juu. Asiye na jaketi aweke gazeti lililokunjwa kifuani chini ya shati. Wazee wetu walifanya hivyo na linasaidia kweli.

*Mwanafunzi anayekwenda nyanda za juu.* Kidato cha tano huanza Julai, na vijana wengi wa Mbagala au Tegeta hupangiwa shule za Njombe, Mbeya au Iringa. Huko usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kijana huyu hapaswi kwenda na sweta la Dar es Salaam. Masweta mawili yenye kupishana, koti la kuzuia upepo, trakisuti ya kulalia, kofia, soksi nene na blanketi zito ni mahitaji ya lazima. Anzeni kuvitafuta kimoja kimoja tangu matokeo ya kidato cha nne yanapotoka.

Sweta si dawa

Hapa tunaomba wazazi watusikilize vizuri. Kila kipupwe tunapokea watoto waliofungwa masweta matatu na shuka la kitenge huku wakihema kwa shida. Nyumbani walisema, "Ni baridi tu imemwingia, avikwe." Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hustawi pale watu wanapolala wengi chumba kimoja na madirisha yamefungwa. Nguo haiwezi kuitibu. Chanjo ya kukinga aina kubwa ya nimonia hutolewa bure nchini tangu mwaka 2013. Hakikisheni kadi ya mtoto imekamilika.

Mtoto anapokohoa, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akilegea au kupata degedege, msingoje kupambazuke. Mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo. Na mtoto mwenye homa msimfunike masweta. Mwacheni na nguo moja nyepesi ili joto lipungue, mkiwa njiani kutafuta matibabu.

Kuna jambo la mwisho, nalo huua. Msiingize jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba joto na kisha kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; mtu husinzia na asiamke tena. Familia nzima huweza kupotea kwa ajili ya joto ambalo shuka mbili za kanga zingelitoa.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wako wenye masweta yaliyowabana watoto wao, na wako mama wajawazito watakaojifungua Julai hii bila hata kofia ya mtoto. Ijumaa au Jumamosi moja, siku ya kukutana, kila nyumba ilete nguo moja iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mtakuta hakuna haja ya kuvunja kibubu cha mtu yeyote.