Mlango wa gari haufunguki kwa ndani? Jinsi ya kutoa kava na kulirudisha salama

Msikilizaji mmoja wa kipindi chetu cha asubuhi ametutumia ujumbe kuhusu Probox yake ya kubeba abiria. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Abiria akitaka kushuka, anashusha kioo, anatoa mkono nje na kuvuta kitasa cha nje. Anasema wameshazoea.

Sisi tunasema hilo si jambo la kuzoea. Gari likiteleza mtaroni au likikwama kwenye maji yanayopanda, abiria wa nyuma hana nafasi ya kuhangaika na kioo, na kioo nacho kinaweza kugoma siku hiyohiyo. Mara nyingi kilichoharibika ni kipande kidogo cha plastiki kilichofichwa na kava la ndani la mlango. Kava hilo unaweza kulitoa mwenyewe nyumbani, ukienda taratibu.

Kwanza, usifungue chochote

Fungua mlango wa nyuma utazame ubavuni, karibu na kufuli. Utaona kiswichi kidogo. Hicho ni kizuizi cha watoto. Kikiwa upande wa kufunga, mlango hufunguka kwa nje tu. Kisogeze upande wa pili, ujaribu tena. Huenda kazi ikaishia hapo.

Kama tatizo ni kioo cha umeme, angalia fyuzi yake, kisha ile swichi ya mlango wa dereva inayozuia vioo vya abiria. Mtoto akiibonyeza, vioo vyote vya abiria vinagoma.

Vifaa

Andaa bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo, spana namba 10 ya betri, kitambaa, gundi ya karatasi, na kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa bapa. Bisibisi ya chuma hukwaruza rangi na kupasua kava, kwa hiyo izungushie kitambaa.

Tafuta pia chombo cha kuwekea skrubu, na kila hatua ipige picha kwa simu. Hiyo ndiyo ramani yako ya kurudia.

Kutoa kava

1. Pandisha kioo hadi juu, ukibandike kwa gundi kwenye fremu ili kisidondoke. Zima gari, toa ufunguo, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Subiri dakika chache kabla ya kugusa nyaya.

2. Tafuta skrubu zilizojificha. Kwa kawaida moja iko nyuma ya kishikio cha kufungulia, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Nyingine iko ndani ya sehemu ya kushika wakati wa kuvuta mlango. Angalia pia kingo za kava. Kama kava halitoki, usitumie nguvu. Kuna skrubu bado hujaiona.

3. Baadhi ya Probox zina mkono wa kuzungusha kioo. Piga picha uone umeelekea wapi kioo kikiwa juu. Kisha pitisha kitambaa kati ya mkono huo na kava, ukikivute huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu. Kitambaa kitanasa pini yenye umbo la kwato na kuichomoa. Kinga kwa mkono, kwani pini hiyo huruka na kupotea kwenye majani.

4. Anza pembe ya chini. Ingiza kipande cha plastiki kati ya kava na bati, ukisogeze hadi kiguse klipu, ndipo ubinue. Ukibinua mbali na klipu, kava linapasuka. Zunguka ukiachia klipu moja baada ya nyingine.

5. Klipu zote zikiachia, inua kava kwenda juu, kwa sababu ukingo wake wa juu umening'inia penye kioo. Usilivute mbali kwa ghafla. Nyuma yake kuna nyaya za swichi na pengine waya wa kitasa. Bonyeza kidoko cha soketi, uichomoe kwa kushika soketi yenyewe, si waya.

Ukikuta soketi au waya wa rangi ya njano, simama hapo. Rangi hiyo hutumika kwenye mifuko ya hewa ya usalama. Kazi hiyo mwachie fundi.

Nailoni ile si takataka

Nyuma ya kava utaona nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Wengine huichana na kuitupa. Kumbuka kwamba maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia penye kioo, na hilo ni jambo la kawaida. Hutoka kwa matundu ya chini ya mlango. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wa abiria, na hupunguza vumbi la barabara zetu. Ibandue polepole, na gundi yake isishike mchanga.

Sasa vuta kishikio cha ndani, ufuatilie fimbo ya chuma au waya wake hadi kwenye kufuli. Mara nyingi utakuta kishikizo cha plastiki kimekatika na fimbo imechomoka. Tafuta spea ya kishikizo hicho. Kamba au waya wa kufungia ni suluhisho la kufika gereji tu. Mikono yako iwe mbali na mashine ya kioo, kwa kuwa kingo za bati ni kali na kioo kinaweza kushuka.

Ukiwa hapo, zibua matundu ya chini kwa kijiti. Yakiziba, maji hukaa ndani na mlango huoza.

Jaribu kabla ya kufunga

Hatua hii usiiruke. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kufuli kwa bisibisi hadi ujifunge, kama vile mlango umefungwa. Kisha vuta kishikio cha ndani. Ulimi ukiachia, kazi imekubali. Rudia kwa kitasa cha nje. Ukifunga mlango bila jaribio hili na kufuli likakataa, kuufungua itakuwa kazi kubwa.

Kurudisha

Bandika nailoni. Badilisha klipu zilizovunjika, maana kava lenye klipu pungufu hupiga kelele njia nzima. Unganisha soketi na waya wa kitasa, ning'iniza kava kwa juu, linganisha klipu na matundu yake, ndipo upige kwa kiganja. Skrubu hufuata. Pini ya mkono wa kioo irudishe kwanza kwenye mkono wenyewe, kisha usukume mkono hadi usikie mlio. Toa gundi ya kioo, rudisha waya wa betri, ujaribu kioo na kufuli.

Mwisho, kaa kiti cha nyuma, funga mlango, ufungue kwa ndani mara tano. Kisha mwite mtoto wa nyumbani, naye ajaribu. Akiweza yeye, abiria wako yeyote ataweza.

Ukikwama, tutumie ujumbe na picha ya mlango wako. Tutaupeleka kwa fundi na kukujibu hewani.