Setilaiti na Mvuke wa Hanang

Je, wajua kwamba setilaiti haipimi mvuke wa maji moja kwa moja? Hupokea mionzi itokayo ardhini na hewani. Mvuke hufyonza sehemu ya mionzi hiyo njiani, na kwa kuangalia kilichopungua, kompyuta hukadiria kiasi cha mvuke. Juu ya nchi ya milima kama Mbulu na Hanang nchini Tanzania, makadirio hayo hupata taabu.

Chukua AIRS, chombo kilichorushwa mwaka 2002 kwenye setilaiti ya Marekani iitwayo Aqua. Ili kuondoa athari za mawingu, vipimo vyake 9 huunganishwa, hivyo namba moja hubeba eneo la upana wa kilomita 45 hivi. Humo humo mna kilele cha Hanang chenye mita zipatazo 3,420, mji wa Katesh na Ziwa Balangida. Mvuke mwingi hukaa chini; kileleni huwa haba. Namba inayotoka si ya huku wala ya kule. Mbulu nako ni hivyo hivyo: uwanda wa Wairaqw unakatikia kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara liko mamia ya mita chini.

Mawingu ndiyo kikwazo kikubwa zaidi. Mionzi ya infraredi, ambayo AIRS huitegemea, haipenyi wingu zito, kwa hiyo vipimo vingi hutoka siku zisizo na mawingu, na wastani huonyesha hewa kavu kuliko ilivyo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope yaliporomoka kutoka Hanang hadi Katesh na Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80. Nyakati za mvua kama hizo, ambapo kipimo kinahitajika mno, ndizo infraredi huona kidogo.

Mawimbi ya mikrowevu hupenya mawingu, lakini nchi kavu huyachanganya. Balangida ikikauka na kuacha chumvi, mionzi ya ardhi hubadilika; programu isiyojua badiliko hilo huweza kulihesabu kama mvuke.

Puto za hali ya hewa husaidia kusahihisha, ila kituo cha kuzirushia cha Dagoretti, Nairobi, kiko zaidi ya kilomita 350 kutoka Hanang. Kipokezi cha GPS chenye kipima kanieneo kingefaa sana Katesh. Hufanya kazi usiku na chini ya mawingu: mvuke unaotosha milimita 1 ya maji hurefusha njia ya mawimbi kwa milimita 6 hivi, na urefu huo hupimika.