Mshika Funguo za Watu

Sogeeni karibu, wadogo zangu, niwaeleze kazi moja ambayo wengi wenu mmeiona bila kuijua. Mnapovuka Ziwa Kivu kutoka Idjwi kwenda Bukavu, mashua imejaa mananasi na kahawa, mnaona nyumba zimepanda vilima vya Kadutu, moja juu ya nyingine, na nyingine zimeshuka hadi ukingoni mwa maji kule Ibanda. Ndani ya nyingi wanakaa wapangaji. Wenyewe wako mbali: huyu Kinshasa, yule Ubelgiji, mwingine ni jirani yenu hapa kisiwani. Basi nani anakusanya kodi? Nani anamwita fundi bomba likipasuka? Ni msimamizi wa nyumba.

Kazi hii haikuanza jana. Bukavu ilipokuwa bado Costermansville, Wazungu walikaa Ibanda na Waafrika wakawekwa Kadutu. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda ofisi ya kujenga makazi ya Waafrika mijini, nayo ndiyo iliyojenga Bagira. Nyumba nyingi zikijengwa pamoja, lazima awepo mtu wa kuandika nani anakaa wapi na nani amelipa. Leo nyumba nyingi ni za watu binafsi, lakini mtu huyo bado anahitajika.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Idjwi amerithi kwa baba yake nyumba ya milango sita huko Kadutu. Kila mlango unalipa dola 50 kwa mwezi, jumla dola 300. Amepatana na msimamizi kumi kwa mia, kwa hiyo msimamizi anapata dola 30. Je, dola 30 zinalisha familia mjini? Hazitoshi. Ndiyo maana msimamizi wa namna hii hutafuta nyumba nyingine nne au tano, au huchanganya na ualimu au duka. Mwenzake aliyeajiriwa na kampuni au shirika lenye majengo mengi hupokea mshahara wa mwezi. Sasa angalieni hesabu hii: mlango mmoja ukikaa mtupu miezi miwili, mama anakosa dola 100, na msimamizi anakosa dola 10.

Hapo ndipo anapotofautiana na komisioneri, yule anayekutafutia nyumba na kudai malipo yake siku unapoingia. Komisioneri anakula watu wanapohama. Msimamizi anakula watu wanapotulia. Kwa hiyo msimamizi mwenye akili hamsumbui mpangaji mwema, kwa sababu utulivu wa mpangaji ndio chakula chake.

Njooni tumtazame akiwa kazini, siku mpangaji mpya anapoingia. Wanapita chumba kwa chumba. Anaandika: kioo cha dirisha kimoja kimepasuka, funguo mbili, bomba la uani linavuja, namba ya mita ya umeme ni hii. Wote wawili wanatia sahihi. Kisha anapokea garanti, zile pesa za dhamana. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu, na mpangaji akiondoka arudishiwe, zikiwa zimekatwa gharama za alichoharibu. Sasa anahesabu noti. Anainua kila dola kwenye mwanga, anaigeuza, anapapasa kingo zake, maana mjini kwetu noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa sokoni. Mwisho anaandika risiti: jina, mwezi, kiasi. Karatasi ile moja itamaliza ugomvi ambao maneno mia yasingeumaliza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mvua zikianza mwezi wa tisa, kazi inaongezeka. Bukavu imejengwa kwenye miteremko, na udongo wake huporomoka. Msimamizi anazibua mitaro, anakagua ukuta unaozuia udongo, anapanda kuangalia mabati. Anafuatilia maji ya REGIDESO na umeme wa SNEL. Anamkumbusha mama ushuru wa mapato ya kodi unaokwenda jimboni. Jioni anampigia simu: «Jambo mama. Milango mitano imelipa. Papa wa mlango wa tatu anaomba wiki mbili, mtoto wake amelazwa hospitalini. Unasemaje?»

Swali hilo ndilo zito kuliko yote. Mwezi Februari 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, mabenki yalifunga, na hata mtu mwenye akiba hakuweza kuigusa. Wakati kama huo mpangaji anasema kweli anaposema hana, na mwenye nyumba naye anasema kweli anaposema watoto wake wanakula kodi hiyo. Msimamizi anasimama katikati. Akimdanganya mmoja ili kumpendeza mwingine, amepoteza wote wawili, na kazi imekwisha. Kipimo chake ni hiki: anapeleka habari ya kweli pande zote mbili, hata isipopendeza, na senti isiyo yake haigusi hata siku moja.

Mimi naiheshimu sana kazi hii, na ningependa vijana wa Idjwi waifanye kwa elimu, wasiiachie bahati. Tena hamna haja ya kusubiri kwenda mjini. Mama zenu wana vikundi vya akiba. Ombeni kuwaandikia daftari: nani ameweka, nani amekopa, lini atarudisha. Jifunzeni kutoa risiti, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kusema «sijalipwa» bila kutukana. Atakayeshika vizuri pesa za mama kumi kijijini mwake, huyo ndiye mtu atakayekabidhiwa funguo za milango sitini.