“Mtandao uko chini”: Kwa nini vituo viwili vya data havitoshi kuondoa foleni mpakani

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kulala Namanga, Malaba au Rusumo anaijua kauli hiyo. Wakala ameshajaza nyaraka, dereva ameshaegesha, kisha ofisa anainua macho kutoka kwenye kompyuta na kusema mtandao uko chini. Mwenye saruji atapoteza posho ya dereva na ada ya maegesho. Mwenye nyanya au samaki anaweza kupoteza mtaji.

Utegemezi huo uliongezeka mwaka 2014, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Mzigo unaoshushwa Mombasa kwenda Kampala hulipiwa kodi Uganda kabla haujatoka bandarini, na taarifa husafiri kati ya mfumo wa forodha wa Uganda na ule wa Kenya. Utaratibu huo umepunguza kusimama njiani. Lakini sasa mifumo miwili inapaswa kuwa hai kwa wakati mmoja; mmoja ukilala, lori halitoki hata kama mwingine ni mzima.

“Mtandao uko chini” ni jina la magonjwa kadhaa. Mara nyingine ni intaneti yenyewe, kama Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na huduma kuzorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mara nyingine ni umeme. Ugonjwa wa tatu ndio usiozungumzwa sana: jengo lenye kompyuta zinazoendesha mfumo limepata hitilafu, na kilichoandaliwa kulipokea hakikulipokea.

Siku hizi mfumo mkubwa haukai ndani ya kompyuta moja. Seva moja yenye nguvu hubeba kompyuta pepe nyingi, kama nyumba yenye wapangaji: mmoja hupokea nyaraka, mwingine hukokotoa ushuru, mwingine huzungumza na benki. Seva ikifa, wapangaji huwashwa kwenye seva nyingine, mradi mali yao, yaani data, bado inafikika. Ndiyo maana taasisi nyingi duniani hutandaza hifadhi ya data kwenye majengo mawili. Ukilipa ushuru, malipo huandikwa pande zote mbili kwanza, ndipo mfumo hujibu kwamba umepokea. Jengo moja likiungua, la pili lina kila kitu hadi muamala wa mwisho.

Ugumu uko kwenye umbali. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, hivyo kila kilomita 100 kati ya majengo huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Programu ya vSAN, mojawapo ya zinazotumika sana kwa kazi hii, huweka ukomo wa milisekunde tano. Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450 kwa barabara. Kabla hujahesabu mizunguko ya waya na vifaa vya njiani, nafasi imekaribia kwisha. Kwa hiyo majengo haya hujengwa karibu, kama umbali wa Nairobi na Konza, na ukaribu huo una bei: gridi ile ile, mafuriko yale yale.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Tuseme majengo yote mawili ni mazima, ila waya kati yao umekatwa na tingatinga la barabara. Kila upande unaona mwenzake kafa, na kila mmoja unaendelea kufanya kazi peke yake. Lori lako limeruhusiwa upande mmoja, upande wa pili bado linadaiwa. Kuzuia hilo huwekwa sehemu ya tatu, inayoitwa shahidi. Shahidi hahifadhi nyaraka zako. Kazi yake ni kupiga kura. Upande unaomfikia unaendelea, mwingine unajizima. Sasa fikiria shahidi huyo amewekwa, kwa kubana matumizi, ndani ya jengo la kwanza. Likiungua, kura mbili kati ya tatu zimeondoka pamoja, na jengo la pili linasimama ingawa halina kasoro yoyote. Fedha ya majengo mawili imetumika, usalama ni wa moja.

Hata kila kitu kikipangwa vizuri, kuhama si kufumba na kufumbua. Kompyuta pepe huwashwa upya upande wa pili, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa, kisha hifadhidata hujikagua. Na seva za upande huo lazima ziwe na nafasi ya kubeba wapangaji wote. Nafasi hiyo tupu ndiyo ya kwanza kuliwa bajeti inapobana, kwa sababu machoni pa mhasibu inaonekana kama ubadhirifu.

Vifaa bila mazoezi navyo havitoshi. Agosti 25, 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Jenereta zilikuwapo, ila moja haikuwaka. Na kioo si nakala: faili iliyofutwa kwa makosa upande mmoja hufutika na upande wa pili papo hapo. Moto ulipoteketeza kituo cha OVH huko Strasbourg, Ufaransa, Machi 10, 2021, baadhi ya wateja walipoteza data kabisa kwa kuwa hata nakala zao zilikuwa eneo lile lile.

Vyama vya wafanyabiashara vikikutana na mamlaka za mapato huuliza kama kuna kituo cha akiba. Jibu huwa ndiyo. Swali lenye uzito ni lini mara ya mwisho jengo la kwanza lilizimwa makusudi, na ilichukua dakika ngapi.

Kwa sasa, lipa mapema kabla lori halijafika mpakani, na beba nyaraka zilizochapishwa pamoja na risiti ya benki. Mfumo ukirudi na malipo hayaonekani, usilipe mara ya pili. Mpe ofisa namba ya muamala na saa uliyolipa, atafute kwanza.