Je, Wajua? Marisau Yaliyomkosa Bata

Sogea kidogo, benchi ni letu sote. Ukikaa jioni karibu na majaruba ya mpunga, hapa Rudewa kati ya Dumila na Kilosa, huenda ukawasikia kabla ya kuwaona: fiu-fiu-fiu! Ni bata mwitu wenye uso mweupe, ambao hawalii kama bata wa bibi yako bali hupiga mluzi. Na aina hiyohiyo, uso uleule na mluzi uleule, iko Brazili, ng'ambo ya Atlantiki!

(Rudewa, nasema. Wapo wanaoiandika Ludewa, kisha mgeni anakwenda kushukia Njombe kwenye chuma cha Liganga.)

Je, wajua kwamba Kiswahili kilishafumbua nusu ya habari ya bata na risasi? Risasi ndiyo inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi pia ni jina la metali yenyewe, ile laini ya kijivu iliyo nzito mara 11 kuliko maji. Neno ni moja, lakini bata ana njia mbili za kufa nayo: kupigwa, au kuimeza.

Kuimeza? Naam! Bata hana meno, kwa hiyo huokota changarawe na kuzihifadhi firigisini zimsagie chakula. Chembe ya marisau, zile risasi ndogondogo za bunduki ya kuwindia ndege, ina ukubwa wa punje ya mtama, na yeye huidhania changarawe au mbegu, akaipitisha kooni bila wasiwasi.

Sasa hesabu nami. Ganda moja la bunduki ya marisau hubeba chembe zaidi ya 200. Hata mwindaji hodari humpiga bata kwa chembe chache tu, zilizobaki zote zinazama kwenye tope. Yule bata aliyetoroka leo atarudi kesho kuziokota moja moja!

Ngapi zinatosha kumuua? Shika benchi: hata moja yaweza. Firigisi inaisaga kama jiwe la kusagia, tindikali ya tumbo inaiyeyusha, na risasi inaingia kwenye damu.

Kinachofuata ndicho kinachonishangaza kuliko yote. Risasi hupoozesha misuli inayosukuma chakula, kikarundikana njiani kisishuke. Bata anakufa kwa njaa huku ameshiba! Huchukua kama wiki mbili au tatu hivi, mabawa yakining'inia kama paa la kibanda, na uzito unaweza kupungua kwa asilimia 40 au zaidi.

Mbona basi hatuoni mizoga imetapakaa? Kwa sababu bata mgonjwa hujificha majanini, na fisi, nguchiro na mwewe hawachelewi kufika. Anayemla naye anaweza kuipata risasi ileile, kwa hiyo usimwonee bata huruma peke yake.

Je, wajua kwamba mahindi huzidisha balaa? Bata aliyemeza marisau akala nafaka tupu kama mahindi hudhurika upesi kuliko mwenzake anayepata chakula chenye chokaa na protini. Risasi hujifanya chokaa mwilini, ikajipenyeza hadi mfupani. Jike anayetaga ndiye anayeinyonya zaidi, kwa kuwa mwili wake unaitafuta chokaa ya maganda ya mayai usiku na mchana.

Risasi hiyo hukaa mfupani miezi, hata miaka. Sasa mfikirie yule bata mdogo ahamaye, anayezaliwa Ulaya au Asia na kuja kukaa kwetu Afrika Mashariki baridi ikimbana kule. Hana pasi ya kusafiria, hana mzigo wa kukaguliwa, lakini mifupani anaweza kuvusha risasi ya nchi nyingine!

Je, wajua kwamba mtaalamu mmoja wa Illinois, Frank Bellrose, alikusanya hesabu za firigisi zaidi ya 36,000? Alichapisha mwaka 1959: firigisi kama 7 katika kila 100 zilikuwa na marisau yaliyomezwa. Alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kila mwaka kwa sumu hiyo. Na habari hiyo ilishaandikwa kwenye gazeti la wawindaji huko Marekani mwaka 1894! Marufuku ya nchi nzima ya kuwinda bata kwa marisau ya risasi ilikamilika mwaka 1991. Piga hesabu mwenyewe: miaka 97.

Ilisaidia? Sana. Miaka michache tu baadaye, watafiti walikadiria kwamba marufuku hiyo iliwaokoa bata milioni 1.4 katika msimu mmoja, wa mwaka 1997.

Na sisi tumo! Mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia ulikubaliwa The Hague mwaka 1995, na Tanzania ni mwanachama tangu 1999. Mkataba huo ulizitaka nchi ziache marisau ya risasi kwenye ardhi oevu ifikapo mwaka 2000. Umoja wa Ulaya, wenye fedha zake zote, ulianza kulitekeleza katazo hilo kwa pamoja Februari 2023.

Ardhi oevu unaijua, ndugu yangu. Mkoani kwetu Morogoro kuna Bonde la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, lenye karibu hekta 800,000. Hifadhi ya Mikumi nzima, kilomita za mraba 3,230 kuanzia uwanda wa Mkata, ingeingia mle mara mbili na nafasi ikabaki.

Tuiache risasi, tuje kwa zebaki, ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Lita moja ina uzito wa kilo 13.6! Ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka mdudu hadi samaki hadi ndege.

Ndege naye ana ujanja wake: huisukuma zebaki kwenye manyoya, na akipukutisha manyoya ameitupa. Jike ana njia ya pili, huitoa kwenye mayai, na mara nyingi yai la kwanza ndilo linalobeba zaidi. Ujanja mzuri kwa mama, hasara kwa kifaranga.

Na kifaranga huyo ni wa ajabu. Mtafiti Gary Heinz aliwalisha bata vizazi vitatu chakula chenye zebaki kidogo mno, nusu ya sehemu moja katika milioni. Vifaranga waliototolewa waliitika kidogo sauti ya mama yao, na wakishtuliwa walikimbia kupita kiasi. Mama anaita, mtoto hasikii!

Geuka kidogo uitazame Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, kisha ukafungwa, lakini mabaki yake yenye shaba na kobalti yameendelea kuteremka na mito kuelekea Ziwa George. Ziwa hilo ndilo eneo la kwanza la Ramsar nchini humo!

Siwezi kukuacha bila huyu, ingawa sumu yake si metali. Bata bukini mwenye mwiba kwenye bawa, ambaye dume lake hufika hata kilo 7, hula mbawakavu wenye sumu na kuihifadhi nyamani mwake. Miligramu 10 za sumu hiyo zaweza kumuua mtu mzima! Kwa hiyo ukikaribishwa mchuzi wake, uliza kwanza alikula nini.

Bado hujanyanyuka? Basi la mwisho. Mawe ya mbolea ya Minjingu, kule karibu na Ziwa Manyara, yalitokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa majini, minandi hasa, waliorundikana kwenye ziwa la kale. Ndani yake mna chembe za urani, metali nzito kuliko risasi! Ukifika nyumbani, utazame vizuri ule mfuko wa mbolea ulioegemea ukuta wa ghala.