Meli iliyokatazwa kusafiri: namna nanga ilivyoshikilia taa katikati ya bahari

Luofu, katika teritware ya Lubero, iko zaidi ya kilomita 1 000 mbali na Bahari ya Hindi. Lakini mvuvi aliyelala usiku katika mtumbwi kwenye ziwa Édouard, upande wa Vitshumbi ao Kyavinyonge, ataelewa habari hii upesi: upepo ukisukuma chombo gizani, hujui tena uko wapi.

Waingereza walipoteza meli nyingi kwenye mchanga uliofichama chini ya maji, mahali ambapo munara wa taa haukuweza kujengwa. Mwaka wa 1732 wakaweka meli yenye taa pa Nore, kwenye mdomo wa mto Thames. Kazi yake ilikuwa moja: kukaa palepale.

Si uzito wa nanga tu uliosaidia. Nanga ya kawaida ina mikono. Meli ikizunguka, mnyororo unaweza kunasa mkono na kuing'oa. Kwa hiyo meli nyingi za taa zilipewa nanga yenye umbo la uyoga, inayozama katika matope na kushika kila upande. Robert Stevenson aliitumia mwaka wa 1807 karibu na Bell Rock, huko Scotland.

Mnyororo ulikuwa mrefu mara tatu ao zaidi kuliko kina cha maji, sehemu yake ikilala chini. Wimbi likiinua meli, mnyororo unanyanyuka polepole na kushuka tena. Nanga haivutwi kwa ghafla. Dhoruba ikija, mabaharia waliongeza urefu.

Na kama meli imehama? Hapo kulikuwa sheria kali: taa kubwa izimwe, ziwashwe taa nyekundu mbele na nyuma. Taa iliyo mahali pasipo pake inaua kuliko giza.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Novemba 1954, minyororo ya meli ya South Goodwin ilikatika katika dhoruba. Meli ililala ubavu juu ya mchanga. Mabaharia wote saba walikufa. Aliyeokolewa, kwa helikopta, ni mgeni aliyekuja kuchunguza ndege.

Leo maboya na minara vimechukua nafasi ya nyingi kati ya meli hizo. Wavuvi wanaofunga mtumbwi kwa jiwe na kamba wana hesabu ileile: penye metre 10 za maji, kamba ya metre 12 inanyooka kwa mwinuko mkali na wimbi linaweza kunyanyua jiwe. Ya metre 30 inalivuta kwa ubavu.