Je, Wajua? Silvia Iliyokwama Gereji

Je, wajua kuwa gari lililojaa vipuri vya bei kubwa linaweza kuuzwa rahisi kuliko vipuri vyenyewe? Huko Marekani, Nissan 240SX nyingi zimepitia hali hiyo.

240SX ni ndugu wa Silvia ya Japani. Ilianza kuuzwa Marekani kama modeli ya 1989: nyepesi, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kwa wapenzi wa kuserereka na gari kwenye kona, hakuna mpangilio mtamu zaidi ya huo. Ila Wamarekani walipewa injini ya KA24, lita 2.4 bila turbo, ambayo Nissan waliifunga pia kwenye pikapu. Silvia ya Japani, kuanzia 1991, ilikuwa na SR20DET: lita 2 tu, lakini yenye turbo na nguvu za farasi 205. Tamaa ya injini hiyo ndiyo inayozaa mradi.

Kuipata si kazi. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama huwafanya wengi waachane na magari yao mapema; injini zake huuzwa nje ya nchi. Injini za mitumba zinazouzwa Kirinyaga Road, Nairobi, zinatoka kwenye mkondo huohuo.

KA inang'olewa, SR inashushwa, na kukaa inakaa. Balaa ni nyaya. Silvia ina usukani kulia, 240SX kushoto, kwa hiyo fungu zima la nyaya hufunguliwa utepe, kila waya ukafuatwa kutoka kompyuta ya injini hadi kwenye sensa yake, kisha ukaunganishwa upya na umeme wa gari. Kosea waya wa sensa inayosoma mzunguko wa injini, na stata itazungusha mpaka betri iishe bila injini kuwaka, wala hutaona kilichovunjika. Ni hapo fedha na subira humwishia mwenye gari.

Anapoamua kuuza, risiti hazimsaidii. Yeye anajua bolti zipi ni za giaboksi na zipi za turbo. Mnunuzi anaona kopo la bolti zenye grisi. Kila asichokijua mnunuzi anakikata kwenye bei, na ana haki. California kuna kikwazo zaidi: kwa kawaida muuzaji ndiye anayetakiwa kutoa cheti cha kupimwa moshi, na gari lililobadilishwa injini hupelekwa kwa mkaguzi maalumu. Lisilowaka litapimwaje?

Wengi hushauri gari livunjwe, kipuri kiuzwe kimojakimoja. Fedha hupatikana zaidi, kweli. Mimi sikubaliani nao. Bodi isiyo na kutu ikishaenda kwenye chuma chakavu hairudi: 240SX ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1998, na Silvia ilikoma kutengenezwa 2002.

Kwa hiyo, wewe mwenye mradi uliokwama, tia bolti kwenye mifuko yenye majina. Piga picha kila kiungo cha waya ulichogusa. Tafuta hati ya umiliki kabla hujatangaza bei, orodhesha waziwazi kilichobaki, kisha liuze gari zima kwa mtu atakayelimalizia.